Chumba Namba Kumi na Nne

Miaka ishirini na sita nimepiga chapa majina ya wakubwa,
hapa Yaunde, ghorofa ya tatu, dirisha lisilofungika,
kabla redio haijayasoma saa mbili usiku
na mtaa mzima ukanyamaza,
vijiko vikasimama kati ya sahani na kinywa.

Mimi serikali ikibadilika naijua kwa vidole.
Alipokuja waziri wa kwanza, vibonye vilivyochakaa
vilikuwa M na V. Akaja wa nyanda za magharibi:
ikafutika T, ikafuata C, ikafuata H.
Wa kaskazini alipokalia kile kiti
nilimaliza B mbili kwa mwaka mmoja.
Fundi wa mashine, kijana mpole, aliniuliza:
“Mama Ngo Bayiha, mbona zinakufa kwa ukoo?”
Nikamwambia akiulize kiti.

Kulikuwa na mhandisi wa maji, Tchuindjo.
Huyo alijua bomba la Mvog-Ada linapinda wapi,
lilitiwa kiraka na nani, mwaka gani wa mvua.
Alipiga magoti barabarani akaweka sikio kwenye lami
kama daktari kifuani pa mtoto,
na magari yakampigia honi.
Mara tatu jina lake lilinifikia kwenye rasimu.
Mara tatu kalamu ya kijani ililipitia.
“Anafaa,” alisema waziri, bila kuinua macho,
“ila hilo jina.”
Mahali pake nikachapa mpwa wa mtu,
aliyesomea mambo ya hoteli ng’ambo, miezi minane,
akarudi na koti.

Hata waziri aliyetoka kwao Tchuindjo hakumpa.
Alikuwa wa kwao, ndiyo, lakini si wa bonde lao.
Kumbe kabila nalo lina vyumba vya ndani,
na kila chumba kina mlango, na mlango una bawabu.

Nilikuwa nikisema haya kwenye foleni ya mkate.
Nilisema kwa sauti. Watu waliitikia.

Kisha, Februari, akaingia waziri mpya
akanisalimu kwa lugha ya bibi yangu.
Miaka ishirini na sita! Ghorofa ile ile!
Machozi yalinilenga, sitaficha.
Akauliza: “Mwanao amemaliza chuo?”
Nikasema amemaliza, ila alisomea…
“Alichosomea si neno, dada yangu.
Wenzetu walikula, sisi tukiwashikia sahani.
Sasa na sisi tunawe mikono.”

Nikarudi chumba namba kumi na nne.
Nikaweka karatasi.
B, A, Y, I, H, A.
Naibu Mkurugenzi, Maji Safi.
Natamani kusema vidole vilitetemeka.
Havikutetemeka. Sikukosea hata nukta.

Saa mbili usiku redio ikamsoma.
Vigelegele vilipanda ngazi kabla ya wageni.
Shemeji alipiga simu kutoka Eseka, mbuzi keshafungwa kamba;
binamu nisiyemkumbuka akaomba kazi ya udereva
mtangazaji hajavuta pumzi.
Mwanangu alisimama katikati ya sebule,
amevaa shati la kuazima, akicheka
kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe.

Nikaenda jikoni kusuuza bilauri.
Bomba likakohoa mara mbili,
likatema kijiko cha maji mekundu, likanyamaza.

Tchuindjo alikuwa nyuma yangu. Jirani,
amestaafu sasa, anauza betri na nyembe;
alikuja kutoa hongera, na aliitoa,
kwa mikono miwili, hadi nikaona aibu.
Kisha akainama, kwa mazoea tu,
akaweka sikio ukutani.
“Iko hapa,” alisema. “Mita sita. Chini ya ngazi.”

Akangoja kidogo, labda nimuulize.
Sebuleni walikuwa wanaliita jina letu.