Futi 5,317

Karatasi nimeinunua ofisi ya ardhi, Arusha,
mwisho wa ukumbi, kwa bwana mwenye miwani iliyofungwa uzi.
Aliipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akasema
hii hakuna anayeiulizia.

Nimeitandaza mezani, Ngarenaro,
kona moja nimeibana kwa kopo la sukari, nyingine kwa redio.
Baba haoni tena. Anataka nimsomee.

Nasoma: mistari ya kahawia, imesongamana
kama mikunjo ya shingo ya ng'ombe anapogeuka.
Genge hilo, anasema. Hapo Nnko aliangusha birika,
tukaisikia ikishuka mpaka tukachoka kusikiliza.

Nasoma: sululu mbili ndogo, zimepishana.
Machimbo. Mawe mekundu ndani ya mwamba wa kijani,
na vumbi lake, ukikohoa, leso inachanua.

Nasoma: nukta, na ubavuni mwake
elfu tano mia tatu na kumi na saba.
Ananyamaza.
Anainama, anashika vifundo vya miguu yake.
Huyo ni mimi.

Mwaka hamsini na saba. Mshika fimbo,
fimbo nyeupe na nyekundu ndefu kuliko mlango wa kanisa,
na Mzungu ng'ambo ya korongo
jicho kwenye darubini ya miguu mitatu.
Bendera ikishuka, usipumue.
Siafu walimpanda hadi magotini.
Hakupumua.
Namba ikaingia kwenye ramani;
jina likaishia kwenye daftari la posho:
Kaaya, unga, chumvi, senti hamsini.

Namuuliza, na ile chemchemi?
Ile ya chini ya mkuyu, maji ya kuumiza meno?
Hapa pana weupe mtupu.

Anacheka, kikohozi kinamkata.
Wanawake wa kule walikuja hemani usiku
na kibuyu cha maziwa. Hawakusema mengi.
Shimo lina kiu kuliko ng'ombe, walisema.
Kulipokucha nikampitisha bwana njia ya miiba,
nikamwambia mbele ni nyoka watupu.
Akageuza. Alikuwa na homa pia, maskini.

Sasa anapapasa karatasi. Kidole kinapanda,
kinakwama, kinarudi nyuma kidogo,
kinaingia kwenye ule weupe
na kukaa.

Chai imepoa. Naanza kukunja.
Si hapo, ananiambia.
Usimvunje mlima kiuno.