Alhamisi, Juu ya Duka la Misumari

Juu ya duka la misumari la Don Hermógenes
kuna chumba chenye jiko la kuni na soketi tatu.
Kila Alhamisi, saa moja usiku,
sisi watengeneza tovuti wa Valdivia hupanda ngazi
tukikung'uta makoti kama mbwa waliotoka mtoni.
Mvua ya hapa haina adabu. Haibishi hodi.

Yupo Nahuel, kompyuta kaifunga kwa mfuko wa mkate.
Yupo Millaray, anayeunda kurasa za madaktari wa mifugo
na anayejua jina la kila ng'ombe aliyemo.
Yupo Eliecer, mlinzi wa msimbo wa tiketi za kivuko,
msimbo mkongwe kuliko ndoa yake,
asiyetia neno mpaka birika lichemke.

Mwezi Machi nilikula kiapo mbele yao
huku mdomo umejaa keki ya tufaha:
kila Alhamisi nikifika nyumbani,
kabla sijavua soksi,
nitaandika nilichojifunza na kukiweka hadharani,
kiwe kirefu, kiwe kifupi.
"Pasaka haikukuti," akasema Nahuel,
akajikatia kipande kingine.

Wiki ya kwanza: kurasa nne juu ya rangi ya kitufe.
Ya pili: mbili.
Ya tano niliungama
jinsi nilivyosaka hitilafu siku mbili, usiku na mchana,
kumbe nimesahau kufunga bano moja,
bano moja tu,
kama mtu aliyetoka akauacha mlango wazi
na nyumba nzima ikajaa upepo.
Ya tisa maneno yalinipiga chenga.
Niliandika: Leo sikumwelewa Millaray. Nitamwuliza tena.
Nikajikaza kisabuni, nikabonyeza.

Kimya.
Mama yangu pekee ndiye aliyenipongeza,
naye anaamini bado nalipwa kwa kazi hiyo.

Wiki ya kumi na saba sikuandika.
Natamani ningesema mto ulifurika,
au umeme ulikatika mtaa mzima.
Umeme ulikuwepo. Mikono ilikuwepo.
Nilitangulia kuvua soksi, basi.
Ya kumi na nane sikuandika
kwa sababu ya ile ya kumi na saba.
Ndivyo aibu inavyozaa: haina mimba ndefu.

Alhamisi iliyofuata nilikaa karibu na mlango.
Nahuel alitueleza jinsi ya kupunguza uzito wa picha;
nilitikisa kichwa, sikusikia hata neno.
Birika likachemka.
Eliecer akaweka kikombe chini.

"Ile ya bano," akasema, "niliichapa kwenye karatasi.
Nimeibandika kivukoni, juu ya swichi kubwa.
Kijana wetu mpya huisoma kabla hajagusa kitu."
Akapuliza chai yake.
"Ya wiki iliyopita iko wapi?"

Hakulaumu. Aliuliza tu
kama abiria aulizavyo gatini, mzigo mkononi:
leo hakuna safari?

Nilirudi kwa miguu kupita soko la samaki.
Simba-bahari walikuwa wanakoroma juu ya mbao zao,
wamelowa, wala hawajali.
Viatu vyangu vilikuwa vimeshiba maji.
Nikakaa mezani hivyo hivyo,
dimbwi dogo likaanza kukua chini ya kiti.

Niliandika mistari mitatu:
kwamba chumba chetu kina soketi tatu,
kwamba sisi ni watu kumi na mmoja,
na kwamba sijamwona bado
aliyeshuka ngazi zile na betri tupu.

Kisha nikavua soksi.