Havihesabiki

Kila Jumatano, saa nne asubuhi,
juu ya ghala la ushirika, mjini Uiseong,
ninawasha hita, ninafuta ubao,
na Bibi Tak Bong-im anaingia wa kwanza,
vidole vikinuka kitunguu saumu
hata kabla hajavua glavu.

Ana miaka sitini na tisa, daftari la mraba,
na mjukuu huko Calgary aitwaye Ralph.
Binti yangu, asema, alizunguka dunia nzima akitafuta jina
akachagua lile lisilopita kinywani mwa mamaye:
mwanzo ulimi unateleza, katikati unakwama,
mwisho midomo inapasuka badala ya kupuliza.
Lalpu. Lalpu. Mtoto haitiki.

Tuanze na kitenzi, namwambia.
Kwetu kitenzi ni mgeni wa heshima:
wote huketi kwanza, mtu, mahali, siku, supu,
ndipo naye huingia, na kikao kimefungwa.
Kiingereza hakingoji. Kinamtaka
wa pili mlangoni, na viatu miguuni.
"Hana adabu," asema Bibi Tak, na anaandika.

Kisha kiima.
Kwenda sokoni jana, limeandika daftari.
Nani alikwenda, nauliza.
Ananitazama. "Nyumbani kuna nani mwingine?"
Tangu mzee aondoke hajahitaji kusema mimi;
sasa lugha ya watu inamdai ajitaje kila mstari,
kwa herufi kubwa, wima kama nguzo ya umeme.

Kile kineno kidogo cha mbele ya nomino
nilikieleza hivi: ni cha kitu tunachokijua sote.
"Kama sote tunakijua, cha nini?"
Nilikunywa chai yangu ya shayiri.

Na ile herufi ya nyoka!
Mkiani mwa nomino huleta wingi,
mkiani mwa kitenzi huleta mtu mmoja.
"Aliyepanga haya," akasema, "alikuwa amelewa,
tena peke yake."

Tuligombana siku ya nomino zisizohesabika.
Maji, sawa. Mchele, akakubali shingo upande.
Kitunguu saumu, nikasema.
Hita ikalia.
Miaka arobaini anafunga vichwa mia kwa shada,
na kikipungua kimoja mnunuzi wa Daegu hupiga simu.
"Waje," akasema. "Waje wahesabu na mimi."

Ila kilichomshinda si hicho. Ni ndiyo na hapana.
Ukimuuliza, hujala? naye hajala, hujibu ndiyo:
ndiyo, umesema kweli, sijala.
Kiingereza hakina habari na swali lako; hulijibu tumbo.
Hapana, tukaimba darasa zima, watu wanne,
hapana, sijala, na wote tulikuwa tumeshiba.

Februari, katikati ya somo, simu ikaita.
Mtoto kwenye skrini, jino la mbele limeng'oka,
akauliza polepole, kama aliyefundishwa na mama:
Bibi, huji?
Akajibu mbio, kwa kifua chote: "Hapana!"
akimaanisha, hapana, usiseme hivyo, nakuja.
Nikauona uso ule mdogo ukishuka.
Nikafungua kinywa; akaninyamazisha kwa kiganja.
Akapanga maneno mezani, sahani kwa sahani:
Mimi. Calgary. Mwezi wa tano. Ralph.
Na mwisho kabisa, kila mtu ameshaketi,
kitenzi kikaingia: kuja.
Bila nyoka, bila wakati, bila kineno,
na lile jina likatoka limevunjika sehemu tatu.
Mtoto alikuwa tayari anahesabu miezi kwa vidole.

Jumatano iliyofuata alileta sanduku darasani:
soksi za sufu, mwani mkavu,
na shada moja zima, halina pengo.
Nikamwambia forodha watauliza ni vingapi,
na huenda wasikupitishe.
Amejiandaa. Anasimama, ananyoosha mgongo,
na kwa Kiingereza kisicho na doa, kiima mahali pake,
kitenzi cha pili mlangoni, anamjibu ofisa asiyekuwepo:
samahani, bwana, havihesabiki.