Nyekundu ya Basibasi

Umekuja na kilemba, hukivui mlangoni,
Wasema nimekukomba pesa zote mfukoni,
Rangi niliyokupamba haikufika Shabani.
Keti, Mize, nikwambie rangi ilivyokutoka.

Unywele ni kama paa la nyumba yenye makuti,
Dawa ikishakukaa huyapenya katikati,
Rangi ikajikalia kama mwali kwenye kiti.
Kuti lisipolazika, mwali huyo hutoroka.

Kahawia nilitaja, ukasema: Ni rahisi!
Ukataka, bila hoja, nyekundu ya basibasi.
Nyekundu haina ngoja, hukimbia kwa wepesi,
Rangi ya mbwembwe, wajua, ndiyo mwanzo kuondoka.

Kiuyu kutwa majini, kichwani lawaka jua,
Wafunga mwani kambani, chumvi yakutambalia,
Ukisharudi nyumbani, maji moto wajitia,
Sabuni ya mche, Mize, ndiyo unayojipaka!

Siku tatu usioshe, kisha maji ya mtungi,
Maji usiyachemshe, moto ni mwizi wa rangi,
Nywele nazi uzilishe kabla ya mwani, kwa wingi.
Na hicho chako kilemba, pwani kingelitumika.

Vua basi, usinune. Loo! Bati lenye kutu!
Shinani nyeupe nene, hazikumuomba mtu.
Nami nivue, uone: piko yangu, wiki tatu.
Tazama mwanzo wa nywele, kwangu kumepambazuka.

Harusi ya Mwanakheri itakuwa huku Wete,
Nakutia, kwa hiari, rangi upya kichwa chote.
Lipa pweza, si dinari, wawili tu, uwalete.
Ila ule mche, Mize, ukafulie mashuka!