Kipimo cha Mwiko

Miezi mitatu tangu mashua ya wagonjwa imvushe Mokowe,
kifua kimekaza kama fundo la kamba mbichi,
baba hakorogi tena.
Anakaa kwenye kibao mlangoni pa duka, Langoni,
anamtazama Lali akitokwa jasho juu ya karai
na kila dakika mbili anasema, "Chini, chini, inashika."

Nimekuja na simu. Ndani yake mna kipande cha nyama
kisichozidi punje ya mtama.
Kinadunda.
"Cha nani?"
Si cha mtu, Baba. Tumekilea wenyewe, chuoni.
Zilikuwa seli shina, seli ambazo hazijaamua:
hii ingeweza kuwa mfupa, ile neva, ile moyo.

Anaisogeza simu mbali na macho, anaileta karibu.
"Na ni nani aloziambia ziwe moyo?"

Hapo ndipo ilipo kazi yangu.
Tulizipa dawa ileile, joto lilelile, chakula kilekile,
tukabadilisha kitanda tu.
Kwenye jeli teketeke kama ute wa yai
zilinyoosha mikia mirefu, zikaelekea kuwa neva.
Kwenye plastiki zilijitandaza, zikajikaza,
zikavuta na kuvuta kitu kisichovutika
mpaka zikachoka, zikasahau kudunda.
Seli haina jicho wala sikio, Baba.
Ina vidole. Huvuta pale ilipolala
na jinsi panavyoitikia ndivyo inavyokuwa.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nimelipwa miaka minne
kuhesabu kunguni.

Anacheka, anashika kifua. Lali anasimamisha mwiko.
"Koroga wewe!"

Kisha, bila kunitazama, kwa ile sauti yake ya harusini:

    Laini ukizidisha, halua huwa ni uji,
    Na moto ukipitisha, hupati hata mlaji,
    Wastani hupendesha, hapo huja wahitaji,
    Mwiko ndio hufundisha, mkono si msemaji.

"Ubeti wa nani huo?"
"Wa sasa hivi. Usiuandike, hauyapoa."

Halafu: "Na kovu langu?"

Swali nililolikimbia tangu Mokowe.
Palipokufa moyo wake pameota kovu,
gumu mara nne, mara tano, kuliko nyama ya jirani.
Ukizimwaga seli changa pale zitavuta,
zitajibiwa kwa ugumu,
nazo zitajifunza ugumu.
Kwa hiyo tunashona kiraka laini cha kuzilaza kwanza.
Tunajaribu. Kwa panya.
Baadhi ya panya.
"Mimi si panya."
La, Baba.
"Basi msiharakishe."

Akakata pembe ya halua iliyolala siniani tangu asubuhi.
"Ndoo ubonyeze."
Nikabonyeza. Ikazama, ikarudi.
"Umesikia?"
Nimesikia.
Kakatazwa sukari, kakatazwa samli;
akalamba kisu, akatazama pembeni.

Nairobi niliiweka robo ile chini ya sindano ya mashine,
ile ipimayo jeli, wenzangu wakinicheka
na maabara nzima ikinuka iliki.
Kilopaskali kumi na moja.
Moyo mzima, usio na kovu, hucheza hapohapo.

Nikampigia. Akanyamaza muda.
Nyuma yake nikasikia mwiko ukikwaruza shaba,
polepole, chini, chini.
"Nani anakoroga?"
"Lali."
Na sauti ya Lali, mbali, huko nje njiani,
ikiwaita wateja.