Maji ya Leso

Mafuriko tumeyashona kwa leso kumi na mbili,
za samawati, na moja nyekundu
kwa kuwa samawati ziliisha kwa majirani.
Wavulana wanane wa darasa la saba wameshika pindo,
wanatikisa. Hayo ndiyo maji.
Majina ya leso yanapanda na kushuka,
mengine juu chini, hayasomeki.
Ukumbi wa shule, Mikindani, saa kumi alasiri;
joto limekaa nasi kwenye viti.

Mimi niko nyuma ya pazia na daftari.
Kazi yangu ni kunong'ona:
mtu akisahau neno, namtupia.
Mchezo niliuandika mwenyewe, siku ishirini,
kwa kalamu iliyovuja kama mapaa yetu Mei ile.

Syombua anaigiza Syombua.
Anapita majini na sufuria ya maharagwe kichwani,
yale aliyoyachemsha ya kuuza
akayagawa kwa kikombe, bila kuuliza jina la mtu.
Anacheza vizuri, ila anaharakisha.
"Polepole," namnong'oneza, "usiku ule ulikuwa mrefu."

Mwakio seremala anaung'oa mlango wa duka lake,
unakuwa chelezo, anavusha watoto wa Bi Rukiya
mmoja mmoja, wa mwisho kalala fofofo.
Mlango ni ule ule.
Bado una tope kwenye bawaba.
Hatukuupangusa.

Watu wanacheka pale pa kucheka:
kuku juu ya kabati,
mzee Chizi akikataa kuokolewa
mpaka yaonekane meno yake ya bandia.

Halafu onyesho la tatu, geti la Bwanaheri.
Ghorofa pekee bondeni kwetu.
Nimeandika: watu wanabisha, geti linafunguka papo hapo,
na taa.
Niliandika hivyo kwa kuwa viti hivi vya plastiki ni vyake,
mia na ishirini, na hakututoza hata shilingi.
Niliandika hivyo kwa kuwa kesho asubuhi
nitapita mbele ya geti hilo nimwamkie.

Mwigizaji kaweka mkono kwenye komeo
ndipo sauti ikatoka safu ya tatu:
"Hapana."
Bwanaheri kasimama, kofia mkononi.
"Mulibisha. Niliwasikia.
Nilikaa ngazini na funguo, nikiyafikiria mazulia yangu.
Nilifungua alfajiri."

Ukumbi ukanyamaza hata pangaboi likasikika.
Mwigizaji akanigeukia.
Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine.
Sikuwa na neno la kumtupia.

Aliyejibu ni Mbeyu,
Mbeyu aliyekuwa nje ya geti lile na mtoto wa siku tisa
na ambaye katika mchezo wangu hana hata mstari mmoja.
Alikuwa amekaa kando, analinda viatu vya waigizaji.
"Ulichelewa," akasema.
"Tulikulaani hadi kulipokucha.
Na uji wako tuliunywa siku kumi na moja.
Yote mawili yaandikwe."
Akarudi kwenye viatu vyake.

Hakuna aliyepiga makofi.
Bwanaheri hakuketi, wala hakutoka.
Mwigizaji akaurudisha mkono kwenye komeo,
safari hii hakulivuta.
Akasubiri, nasi tukasubiri naye
upande ule wa geti ambao sikuuandika,
na mimi gizani napapasa sakafu
nikiitafuta kalamu.

Na wavulana,
kwa kuwa hakuna aliyewaambia maji yamekwisha,
wakaendelea kutikisa,
mikono imeanza kuwatetemeka,
ile leso nyekundu ikiibuka, ikizama,
ikiibuka.