Haja

Bi Time alikuhesabu kwa taa ya simu:
vidole kumi, kumi tena, masikio mawili,
pua ya babako hasa, ya kukatalia deni.
"Kamili," akasema, akakufunga leso.
Hakuna aliyekugeuza.
Nani humtazama mgeni huko?

Siku ya kwanza ulinyonya, ukacheua.
Ya pili ukacheua kijani,
tumbo likajaa, likang'ara kama ngoma iliyoanikwa juani.
Ikasemwa ni jicho. Ikasemwa ni chango.
Ikasemwa nilikaa kizingitini mwezi ulipopatwa.
Wifi yangu akauliza nilikula nini mimba ikiwa changa,
nami nikarudi nyuma mwezi kwa mwezi:
pweza, udongo, embe mbichi, vidonge vya kichwa,
kama apapasaye mkeka gizani kutafuta sindano
akijua ataiona kwa kuchomwa.

Kule Wete nesi aliuliza swali moja:
"Keshakwenda haja?"
Tukatazamana.
Akachukua kipimajoto, akakugeuza,
akatafuta pa kukitia.
Akatafuta.
Ngozi tu, laini, kama ukuta uliopakwa chokaa
pale fundi alipotakiwa kuacha mlango.
(Astaghfiru. Sikumkusudia Fundi huyo.)

Haja ni ombi. Haja ni choo.
Mwenye haja huamka usiku akasali rakaa mbili,
na mwenye haja hutoka mbio na kopo la maji.
Babako, Maalim Shaame, aliisali ile ya kwanza
kwa ajili ya ile ya pili,
ndani ya boti, baina ya matenga ya kuku,
nawe mapajani mwangu na mpira puani.
Asinyonye hata tone, walisema.
Maziwa hayakusikia amri.
Yalishuka kila ulipolia;
nikayakamua kikombeni, nikayamwaga nje.
Samaki walikula riziki yako.

Unguja, daktari alichora nyuma ya risiti:
bomba, bomba, kisha mstari.
"Si kosa la mtu," akasema bila kuinua kichwa.
Ningependa liandikwe juu ya mlango wa wifi yangu.
Wakakupasua. Utumbo ukatokezwa ubavuni,
mwekundu, umajimaji,
mdomo mdogo usiojua kulia.
Siku ya saba hapakuwa na mbuzi wala wembe wa nywele.
Jina ulinong'onezewa wodini: Idarusi.

Mifuko ya kubandika ilikwisha upesi.
Nikachana doti yangu ya harusi.
Maandishi yake yalikuwa NIMERIDHIKA NA LANGU;
nikawa nafua NIMERI, naanika DHIKA,
na LANGU haikutakata tena.

Kitanda cha pili alikuwa Mwatima wa Makunduchi,
mwanawe kazaliwa matumbo nje.
Alfajiri moja nikakuta godoro limekunjwa.
Aliniachia nusu mche wa sabuni, bila salamu.
Ninao bado. Sijaweza kuufulia.

Miezi minane, ndipo mlango ukafunguliwa mahali pake.
Kisha kijiti cha chuma, mafuta, asubuhi na jioni,
wewe unapiga ukelele,
babako kakushika miguu anasoma Yasini
anaruka aya, yeye asiyeruka hata nukta.
Wakaufunga ule mdomo wa ubavuni.
Tukangoja. Siku. Siku na usiku wake.

Neno lile babako hakuwahi kulitamka.
Kwake watu "hujisaidia",
watoto wa chuoni "hutoka nje kidogo".
Jumatano ile nikamsikia ukumbini
anapiga simu Kangagani kwa sauti ya adhana:
"Keshakunya! Mama, keshakunya!"
Wodi ya wanaume ikaitikia,
Alhamdulillahi.

Sasa una miaka minne.
Unachuchumaa, unakunja uso, unanifukuza:
"Mama, usinitazame!"
Nageuka.
Lakini nasikiliza.